Miaka miwili ya fasihi na historia haipotei bure

Mwaka 1936 msichana mweusi wa upande wa kusini wa jiji la Chicago alihitimu Wilson Junior College, chuo cha umma cha miaka miwili. Aliitwa Gwendolyn Brooks. Hakuendelea chuo kikuu. Alifanya kazi za ndani na za ukarani, akaolewa, akalea mtoto katika vyumba vya kupanga, na muda wote huo akawa anaandika mashairi kuhusu majirani zake wa mtaa wa Bronzeville. Diwani yake ya kwanza, A Street in Bronzeville, ilitoka mwaka 1945. Mwaka 1950 ile ya pili, Annie Allen, ilimpa Tuzo ya Pulitzer. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata kabla yake.

Chuo hakikumpa Brooks kipaji. Tangu utotoni mashairi yake yalikuwa yakichapishwa. Hata hivyo, maisha yake yanatosha kuitilia shaka kauli inayorudiwa kila mahali: kwamba masomo ya insia, yaani fasihi, historia, falsafa, lugha, dini na sanaa, ni ya watoto wa wenye nacho katika vyuo vikuu vikongwe, na kwamba mtu mwenye uwezo wa kusoma miaka miwili tu ni heri ajifunze kazi ya mikono aondoke zake.

Kauli hiyo ina nguvu ya pekee katika nyumba za Waswahili walioko Marekani. Mwaka wa fedha wa 2016 pekee nchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa wengi wao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Waongeze Wakenya na Watanzania waliotangulia kwa viza za masomo na kazi, na utawakuta kuanzia Louisville hadi Des Moines na Dallas. Mtoto akimaliza sekondari, swali la kwanza mezani ni moja: utasomea uuguzi lini? Akijibu kwamba amependa historia, mazungumzo yanaingia baridi.

Wazazi hao wana hoja, na haifai kuwabeza. Digrii ya miaka miwili ya uuguzi humwezesha mhitimu kufanya mtihani wa leseni na kuanza kazi. Kuna kodi ya nyumba, kuna ndugu wanaosubiri fedha Goma, Kisumu au Kigoma. Mzazi aliyefanya kazi mbili kwa miaka kumi ana haki ya kuuliza falsafa italipa nini. Kosa linaanzia pale swali linapogeuka kuwa hukumu, kabla mtu hajatazama kinachosomwa ndani ya miaka hiyo miwili na jinsi kinavyomjenga msomaji.

Marekani ina vyuo vya jamii, yaani vyuo vya miaka miwili kama kile alichosoma Brooks, takriban 1,000. Digrii ya vyuo hivyo kwa kawaida huhitaji krediti 60. Somo moja likiwa na krediti tatu, hayo ni masomo 20, matano kila muhula kwa mihula minne. Anayechukua mkondo wa insia husoma uandishi wa insha mihula miwili, kisha fasihi, historia, falsafa, sanaa, lugha ya kigeni na kuzungumza mbele ya watu. Hisabati na sayansi hazikwepeki, zimo pia. Akimaliza vizuri, na akiwa amejipanga, anaweza kuhamia chuo kikuu na kuanzia mwaka wa tatu.

Bei ndiyo inayovuta wengi. Katika jimbo la California, lenye vyuo vya jamii 116, mkazi wa jimbo hutozwa dola 46 kwa krediti moja. Krediti 60 ni dola 2,760 kwa digrii nzima, bila kuhesabu vitabu, nauli na malazi. Mwanafunzi anayetoka nje ya nchi hulipa zaidi sana, na afahamu hivyo kabla ya kufunga mizigo. Lakini kwa familia iliyokwisha kupata ukazi, hakuna mlango wa bei nafuu kuliko huo wa kuingilia elimu ya juu.

Wapo wanaodhani mlango huo ulijengwa kwa ajili ya ufundi peke yake, na kwamba fasihi ilidandia baadaye. Historia inasema vingine. Chuo cha jamii kikongwe kuliko vyote vya umma nchini humo, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi sita. Kilitokana na fikra za watu wawili: J. Stanley Brown, mkuu wa sekondari ya mji huo, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Harper alikuwa bingwa wa Kiebrania. Alichotaka ni vijana wasome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama mji wao, na masomo ya miaka hiyo yalikuwa lugha, historia, hisabati na sayansi. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipopendekeza vyuo vya jamii vienezwe nchi nzima, ilisisitiza kwamba mafunzo ya kazi yaende sambamba na elimu ya jumla, kwa kuwa mhitimu atakuwa mfanyakazi na raia kwa wakati mmoja. Ufundi na insia vilikaa chumba kimoja tangu mwanzo.

Na bado vimo. Kati ya digrii za miaka miwili zinazotolewa Marekani kila mwaka, takriban nne katika kila kumi huorodheshwa chini ya insia na masomo ya jumla. Hakuna kundi lingine linaloifikia idadi hiyo.

Inafaa kuingia darasani kuona kinachofanyika humo. Chukua somo la uandishi la mwaka wa kwanza, lile ambalo hata anayesubiri nafasi ya uuguzi kwa kawaida hulipitia. Mwalimu anaweza kugawa maandiko mawili: Azimio la Uhuru la mwaka 1776, na hotuba aliyoitoa Frederick Douglass tarehe 5 Julai 1852 mjini Rochester, New York. Douglass, aliyezaliwa mtumwa na kutoroka, alikuwa amealikwa kuzungumza katika sherehe za uhuru. Anaanza kwa kuwasifu waasisi wa taifa, tena kwa maneno mazito. Kisha anawageuzia kibao wasikilizaji wake na kuwauliza sikukuu hiyo inamhusu nini mtu aliyefungwa minyororo. Kazi ya mwanafunzi ni kuandika kurasa nne au tano: je, Douglass analikataa Azimio lile, au analidai?

Rasimu ya kwanza, karibu kila mara, huwa muhtasari. Douglass alisema hiki, halafu akasema kile. Mwalimu anaandika pembeni: umedai nini? Ushahidi uko aya gani? Mwanafunzi anarudi kwenye maandishi, anasoma kwa mara ya tatu, anagundua kwamba sifa za mwanzo hazikuwa za adabu tu; ndizo zilizompa mzungumzaji haki ya kudai deni mwishoni. Rasimu ya pili inakuwa na hoja. Rasimu ya tatu inajibu na pingamizi la mtu ambaye hakubaliani nayo. Huo ndio ujuzi wenyewe: kusoma maandishi magumu bila kukimbia, kutenganisha kinachodaiwa na kinachothibitishwa, na kuandika kwa namna ambayo mgeni ataelewa. Anayeujua huo haogopi mkataba wa nyumba, barua ya bima wala hati ya mahakama.

Kijana aliyetoka Kongo ana hazina ya ziada katika darasa hilo. Hotuba ya Douglass inaweza kusomwa bega kwa bega na ile aliyoitoa waziri mkuu wa Kongo, Patrice Lumumba, jijini Léopoldville siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Hapo pia palikuwa na sherehe, wageni wa heshima, na mtu mmoja aliyesimama kuwakumbusha waliohudhuria yale ambayo hotuba ya mfalme iliyafunika. Kijana huyo, ambaye katika masomo mengine huonekana kama mtu wa kusaidiwa Kiingereza, hapa ndiye anayejua jambo ambalo wenzake hawalijui. Wanafunzi wa aina yake hupewa nafasi za kujifunza stadi za kazi kila siku. Nafasi ya kuwa mwenye maarifa darasani hawaipati mara nyingi.

Mfano wa mwandishi Octavia Butler unaonyesha jinsi darasa la namna hiyo linavyoweza kuzaa matunda. Alikulia Pasadena, California. Baba yake, aliyekuwa akipiga viatu rangi, alifariki mapema. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani, na alimletea binti yake vitabu vilivyotupwa na mabosi. Butler alikuwa akisoma kwa shida, na alikuwa mwenye haya nyingi. Alijiandikisha Pasadena City College, mchana akifanya kazi na usiku akisoma, na mwaka 1968 akapata digrii ya miaka miwili yenye mkazo katika historia. Akiwa bado mwanafunzi alishinda shindano la hadithi fupi la chuo na kulipwa dola 15, fedha yake ya kwanza ya uandishi.

Hapo chuoni ndipo alipomsikia kijana mwenzake, mfuasi wa harakati za watu weusi, akiwalaumu wazee waliotangulia kwa kuinamisha vichwa mbele ya wazungu. Butler, ambaye alikuwa amemwona mama yake akiingia nyumba za watu kwa mlango wa nyuma, hakuridhika na lawama hiyo. Swali hilo alilibeba kwa miaka, na mwaka 1979 likatoka likiwa riwaya ya Kindred, ambamo mwanamke wa siku hizi anarudishwa hadi enzi za utumwa na kulazimika kujua kunusurika kulimgharimu mtu nini. Mwaka 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kupewa tuzo ya MacArthur. Kauli iliyosikika katika chuo cha bei nafuu iliingia katika fasihi ya dunia.

Mwigizaji Tom Hanks naye hajaficha deni lake. Mwaka 2015 aliandika gazetini kwamba maisha yake aliyapata Chabot College cha Hayward, California, alikosoma miaka ya 1970 wakati vyuo vya jamii vya jimbo hilo havikutoza ada. Alimtaja mwalimu wa historia ambaye namna yake ya kupanga mihadhara ndiyo aliyoitumia miaka mingi baadaye kuandaa tamthilia ya televisheni kuhusu John Adams, rais wa pili wa Marekani.

Mtu anaweza kusema hao ni watu wachache wenye bahati. Basi atazame jaribio la Earl Shorris. Mwandishi huyu alikuwa akifanya utafiti kuhusu umaskini alipozungumza na mwanamke mmoja aliyekuwa akitumikia kifungo katika gereza la Bedford Hills, New York. Alimuuliza kwa nini watu ni maskini. Mwanamke yule hakutaja kwanza kazi wala fedha. Alisema watoto wa mitaa ya kimaskini wanakosa michezo ya kuigiza, makumbusho, matamasha na mihadhara, vitu vinavyomfundisha mtu kutafakari maisha yake. Mwaka 1995 Shorris alianzisha kozi katika kituo cha Roberto Clemente, Manhattan. Wanafunzi walikuwa watu wa kipato cha chini kabisa, baadhi hawana makazi, baadhi wametoka gerezani. Masomo yalikuwa falsafa ya maadili, mantiki, fasihi, historia ya sanaa na historia ya Marekani, kwa kiwango cha chuo kikuu, na Chuo cha Bard kiliwatambulia krediti waliofaulu.

Shorris alisimulia kwamba mwanafunzi wake mmoja alimpigia simu baada ya kuchokozwa kazini na mwenzake. Zamani angepigana. Safari hii alijizuia, akajiuliza Socrates angefanya nini. Kozi hiyo iliendelea kuenea katika miji mingine baada ya hapo, na mwaka 2000 Shorris alitunukiwa nishani ya taifa ya insia.

Kwa hiyo uwezo wa masomo haya kwa watu wasio na kitu hauna haja ya kubishaniwa sana. Penye ugomvi ni kwingine: vyuo vyenyewe mara nyingi havitendei haki digrii hii. Katika vyuo vingi mkondo wa insia umegeuzwa kapu. Mwanafunzi ambaye hajaamua, aliyekosa nafasi katika programu yenye ushindani, au anayekusanya krediti ili ahame, wote hutupwa humo. Anachukua saikolojia kwa sababu darasa ni la jioni, historia ya sanaa kwa sababu nafasi imebaki, falsafa kwa sababu rafiki yake yupo. Mwisho wa miaka miwili ana masomo 20 yasiyojuana. Huyo akisema insia hazikumpa kitu, hasemi uongo.

Takwimu za kuhama zinauma zaidi. Kati ya wanafunzi wanaoingia vyuo vya jamii, takriban wanane katika kila kumi husema wanalenga shahada ya kwanza. Wanaofanikiwa kuhamia vyuo vya miaka minne ni kama theluthi moja, na wanaoipata shahada hiyo ndani ya miaka sita ni takriban 16 katika kila 100. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi wanaohama chuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, kwa sababu chuo kipya hakizitambui zote. Hiyo ni kazi ya usiku na mchana ya mtu inayofutwa na karani. Familia iliyolipa kwa jasho inalipa mara mbili.

Dawa inajulikana, na mahali pengine imeanza kutumika. California ilipitisha sheria mwaka 2010 ya kuunda digrii maalumu ya kuhamia, inayomhakikishia mhitimu nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya serikali vya jimbo. Austin Community College cha Texas kina semina ya mwaka wa kwanza ambamo wanafunzi husoma maandiko yenyewe, yakiwemo Odyssey ya Homer na Elements ya Euclid, wakiwa wamekaa duara na kujadiliana, mwalimu akiwa mmoja wa wasomaji. Mwanafunzi anayekaa katika duara hilo anakisoma kitabu, anakitetea au kukipinga mbele ya wenzake, na anaingia somo linalofuata akiwa na kitu cha kulinganishia. Hapo masomo yanaanza kujuana.

Inabaki hoja ya kazi. Ni kweli kwamba aliyesoma ufundi wa umeme au uuguzi kwa miaka miwili hupata mshahara wa haraka kuliko aliyesoma fasihi kwa muda huohuo. Anayehitaji mshahara ndani ya miezi 24 na hana njia nyingine, achague uuguzi bila aibu, na humo ndani achukue somo la fasihi kwa moyo wote. Lakini digrii ya insia ya miaka miwili haikukusudiwa kuwa kituo cha mwisho kwa wengi. Ni nusu ya safari ya ualimu, sheria, uandishi wa habari, ustawi wa jamii, ukalimani wa hospitali na mahakama, na utawala. Jamii za Waswahili ughaibuni zina wauguzi wengi na mawakili wachache. Zina madereva wengi na walimu wachache wa historia wanaoweza kueleza shuleni kwamba Kongo, Burundi na Somalia ni nchi tofauti. Upungufu huo unaonekana kila mara familia inaposimama mbele ya hakimu bila mtu wa kuielewa.

Nyumbani Afrika Mashariki nako mjadala huu unabisha hodi. Kenya imeigawa sekondari yake ya juu katika mikondo mitatu, na lengo la serikali ni kwamba asilimia 60 ya wanafunzi waende kwenye sayansi, teknolojia na hisabati. Lengo hilo lina sababu zake. Hatari ni pale walimu na wazazi watakapoanza kuiona mikondo mingine miwili kuwa ya walioshindwa, kama ambavyo vyuo vingi vya Marekani vimeufanya mkondo wa insia kuwa kapu. Somo likishadharauliwa hukosa walimu wazuri, likikosa walimu wazuri hudharaulika zaidi.

Kwa mzazi ambaye kijana wake anajiandikisha muhula ujao, mambo ya kufanya yako wazi. Aende naye kwa mshauri wa masomo, na asitoke humo bila kuonyeshwa kwa maandishi makubaliano kati ya chuo hicho na chuo kikuu wanachokilenga, yakitaja somo kwa somo. Aombe orodha ya masomo yote 20 kabla ya muhula wa kwanza, na aulize ni katika masomo yapi kijana atasoma vitabu vizima na kuandika rasimu zaidi ya moja. Kama jibu halipo, atafute chuo kingine. Viko takriban 1,000. Na kijana akisema anataka kusoma historia, mzazi amuulize ni historia ipi na kwa nini, kisha akae asikilize jibu lote.